Mwaka Niliokataa Kuongeza

Tak. Huo ndio mlio. Mfupi, mkavu, kama mtu aliyefunga mdomo katikati ya neno. Ni mkono wa pampu ya petroli unaojifunga wenyewe tangi la gari likijaa, na ingawa sijashika pampu kwa zaidi ya miaka ishirini, nikiusikia hata nikiwa nimesinzia, vidole vyangu vinajikunjua. Mwezi uliopita nilikuwa nimesinzia kweli, kwenye kiti cha nyuma cha gari la Mwende, pale Syokimau anakoishi siku hizi. Mwende ni binti wa rafiki yangu Mutheu. Ameajiriwa ofisini Nairobi, amenunua gari lake la kwanza, na alitaka kutuzungusha sisi mama zake wawili tuone alivyopanda cheo. Tukaingia petroli stesheni. Nikasikia tak, na baada ya tak nikamsikia Mwende, kwa sauti tamu kabisa, akimwambia msichana wa pampu, "Sista, ongeza. Usiogope, songesha tu mpaka uione." Sijui niliamka saa ngapi. Nilijikuta nimetoa kichwa dirishani napiga kelele, "Usiongeze! Acha hivyo hivyo, mama!" Msichana wa pampu akaruka, kisha akacheka, akarudisha mkono wa pampu mahali pake haraka kama mtu aliyeokolewa. "Anti, kwani ni nini?" Mwende akaniuliza kwenye kioo. "Si ni mafuta tu?" Mutheu alikuwa amekaa mbele. Yeye hakucheka. Nikamuuliza, "Kwani hujawahi kumwambia?" Akatazama nje, akasema, "Ningeanzia wapi, Ndanu?"

Basi mimi naanzia hapa. Na simwambii Mwende peke yake. Namwambia kila mwenye gari anayedhani pampu inakata kwa sababu ina uchoyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeachia kidato cha pili, na nilikuwa na furaha ambayo hata mimi sikujua inatoka wapi. Niliajiriwa kwenye kituo cha mafuta ukingoni mwa mji wa Machakos, barabara ya kwenda Kola, kwa mzee mmoja aliyeitwa Kyalo. Pampu zilikuwa mbili za petroli na moja ya dizeli, kisha ile pembe ya upepo wa tairi na maji ambayo haikuwa na mtu maalumu. Nilipewa ovaroli ya bluu iliyonizidi, nikakunja miguu mara tatu, nikajiona afisa. Kila gari lililoingia nililisalimia kabla ya kumsalimia mwenyewe. "Karibu, nyeupe! Umetoka wapi na vumbi hilo?" Madereva walicheka. Saa za joto, magari yakipungua, nilichora kituo changu mwenyewe vumbini kwa kijiti: pampu sita, maua ya waridi, choo chenye mlango unaofunga, na chumba chenye kiti cha mama kukaa na mtoto. Mutheu, aliyekuwa amenitangulia kazini miaka miwili, aliniuliza, "Na mimi uko na kazi gani yangu hapo?" Nikamwambia, "Wewe ni meneja." Akasema, "Basi nipe na kofia."

Sasa, jambo ambalo mgeni angelishangaa ni hili. Huku kwetu ukiambiwa "jaza", haikumaanisha ujaze mpaka pampu ikate. Kukata ndiko kulikokuwa mwanzo wa mazungumzo. Tak ikisikika, dereva alishuka, akaenda nyuma ya gari, akaanza kulitikisa kwa nyonga. Waliobebwa waliitwa nao washuke watikise, wazee kwa kina mama waliovaa nguo za kanisani, gari likiyumba juu ya springi kama kitanda cha zamani. "Hewa itoke! Kuna hewa bado!" Wengine waliingia wakiwa wamepanga kabisa, wanapandisha tairi la upande mmoja kwenye ukingo wa sementi ili mdomo wa tangi uinuke. Kisha sisi tulitakiwa kubonyeza kidogo, kuachia, kubonyeza, kuachia, mpaka petroli ionekane kwa macho ikimeta mdomoni. Dereva aliyeondoka bila kuiona alijihisi ameibiwa. Siwacheki. Waliokuwa wakienda pande za Kitui ama Makueni walijua kwamba mbele kuna jua na mawe, na kituo kingine ni bahati. Walikuwa wakinunua usingizi, si mafuta. Lakini ni vidole vya nani vilivyokuwa kwenye mkono wa pampu? Na uso wa nani ulikuwa umeinamia shimo lile kutazama kama imefika?

Maana tangi hutema. Hulijui litatema lini. Umebonyeza mara nane salama, ya tisa linarudisha kwa nguvu, kama mtoto aliyelazimishwa uji. Mimi lilinitemea mikononi na kwenye viatu. Mutheu ni mfupi, kwa hiyo yeye lilimtemea kifuani. Na mwaka huo Mutheu alikuwa ananyonyesha.

Tulikuwa tukikaa pamoja, mimi, yeye na Mwende mchanga, kwenye chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko. Kitanda chao upande wa ukuta, changu upande wa mlango, katikati pazia la maua ya njano ambalo halikuficha kitu. Jiko la makaa lilikaa kizingitini. Mchana mtoto aliachwa kwa jirani yetu, bibi mmoja tuliyemwita Susu, kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya. Jioni tulimkuta Susu kwenye kigoda chake, sufuria ya muthokoi ikichemka, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na Mwende begani kwake akiwa amejua kabisa kwamba mama yake yuko njiani. Alikuwa akisikia hatua za Mutheu, anarusha miguu. Mutheu anamchukua. Halafu linatokea lile jambo ambalo mpaka leo likinijia naweka kijiko chini. Mtoto anafungua mdomo, anakaribia ziwa, ananusa, anageuza uso. Analia kwa njaa, anarudi, ananusa, anageuza uso tena. Mutheu alioga kwa sabuni ya kipande. Akaoga kwa ndimu. Akajisugua kwa majivu mpaka ngozi, ambayo tayari ilikuwa na malengelenge pale petroli ilipokuwa inakaukia chini ya ovaroli, ikawa nyekundu kama nyanya. Harufu ya petroli haikutoka. "Mtoto anamjua mama yake kwa pua," Susu alisema siku moja, akikoroga. "Sasa huyu anaambiwa na pua kwamba mama hajafika." Mutheu akalia huku akicheka, akasema, "Niko hapa, we mtoto. Ni mimi." Upande wa pili wa bati tulisikia wapangaji wakizungumza juu yetu bila kushusha sauti: huyo msichana wa pampu mtoto wake anamkataa, kuna mtu amemfanyia. "Amefanyiwa na nani?" mwingine akauliza. "Watu." Nilitaka kupiga lile bati kwa ngumi. Mutheu akanishika mkono. Alikuwa akikamua maziwa kikombeni, mtoto akinyweshwa kwa kijiko, na kila wiki kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko cha wiki iliyopita.

Mimi nilidhani hiyo ndiyo kazi. Nilidhani kutemewa ni kama vumbi, ni kama jua. Aliyenifumbua macho ni fundi wa pampu, mtu mpole aliyeitwa Mutua, aliyekuja kurekebisha pampu namba mbili. Alikuwa ameufungua ule mkono juu ya gunia, vipande vimepangwa kama meno. Nikachuchumaa kando yake, kwa maana nilikuwa na tabia ya kuuliza. Nikamwuliza kwa nini inakata wakati bado kuna nafasi. Akanionyesha katundu kadogo kwenye ncha ya mdomo wa chuma, kadogo hata kisingepita kijiti cha kiberiti vizuri. "Hapa inavuta hewa," akasema. "Petroli ikipanda ikafunika haka katundu, hewa inakatika, mkono unajifunga. Hiyo ni akili yake." Nikamwambia, lakini watu wanasema kuna nafasi juu. "Iko. Imeachwa makusudi. Petroli inatoka kwenye tangi la chini ya ardhi ikiwa baridi. Ikikaa kwenye gari na jua la Machakos inavimba. Itavimbia wapi mkishajaza mpaka kooni? Si inatoka, inadondoka barabarani, ama inarudi kwa nyinyi?" Nilikaziba kale katundu kwa kidole. Kisha nikasema, "Kwa hivyo ikikata inatuambia tuache." Fundi akapangusa mikono kwa kitambaa. "Inawaambia kila siku, dada. Nyinyi ndio mnabishana nayo."

Nilikasirika kwa njia ambayo sikuwa nimewahi kukasirika. Sikumkasirikia mtu. Nilikasirikia zile jioni zote, ile ndimu, yale majivu, Susu na nadharia zake, na yule wa upande wa pili wa bati na "watu" wake. Kumbe kulikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa ni kutofanya kitu. Kesho yake asubuhi nikaanza. Gari la kwanza, tak, nikatoa mdomo wa pampu, nikafunga kifuniko, nikasema, "Asante, safari njema." Dereva akanitazama kama nimemfungia mlango wa nyumba yake mwenyewe. "Wewe, bado." "Imekata, baba." "Najua imekata! Ongeza!" "Ikikata, imekata." Niliyasema maneno hayo nikitabasamu, maana kutabasamu sikuweza kuacha, na nadhani tabasamu ndilo lililowaudhi zaidi. Walinitania. "Huyu ametumwa na kile kituo kipya cha ng'ambo ya barabara." "Huyu hajalipwa, anamalizia hasira kwa tangi langu." Bwana Hassan, mfanyabiashara wa ng'ombe na mbuzi mwenye pikapu iliyokuwa na kelele kama kinu, ndiye peke yake aliyeniuliza sababu. Nikamweleza habari ya katundu na ya jua. Akafikiri, akashika ndevu. "Kumbe ndiyo maana gari yangu inanuka nikifika mnadani. Miaka yote nimelaumu mbuzi." Akaondoka akicheka peke yake, na tangu siku hiyo aliniita Imekata.

Lakini wateja kama Bwana Hassan walikuwa mmoja. Siku ya Jumanne alikuja diwani, na diwani hakuwa mtu wa kuelezwa habari za katundu. Alikuwa na pikapu mbili na gari dogo, na zote zilinywa kwetu. Wakati huo kituo kipya kilikuwa kimefunguliwa ng'ambo ya barabara, kina taa na bendera, na Mzee Kyalo alikuwa akiamka na jina la diwani mdomoni. Pampu ikakata. Nikafunga kifuniko. Diwani akatoa mkono dirishani, saa ikang'aa. "Mwiitu," akaniita, yaani msichana kwa Kikamba, "wewe ni mgeni hapa? Mimi naenda mazishi Kola, nirudi, niende mkutano Kathiani. Jaza." Nikasema, "Imejaa, mheshimiwa." "Imejaa aje na mimi sijaiona?" "Pampu imeiona." Watu waliokuwa wakijaza upepo wakacheka, na hapo nikajua nimeharibu, kwa kuwa mkubwa akichekwa mbele ya watu hawezi tena kurudi nyuma. Mzee Kyalo akatoka ofisini mbio, kikombe cha chai mkononi. "Ndanu, mwekee mheshimiwa mafuta." "Imekata, mzee." "Mimi nimesema weka." "Mimi nimesema imekata." Sikuinua sauti. Mzee akaweka kikombe juu ya pampu, akachukua mkono wa pampu mwenyewe, akamwambia dereva wa diwani ashuke atikise. Sasa nitasema kweli ingawa hainisaidii. Alijaza vizuri. Aliinama kama anayemnong'oneza mtoto, akabonyeza, akaachia, akabonyeza, mpaka ikaonekana, na halikutema hata tone. Akanyooka, akawatazama watu, akanitazama mimi. "Haya. Umeona? Nani amekufa?" Kicheko kilichofuata nakikumbuka mpaka meno ya wale watu. Nikasema, "Hakuna aliyekufa, mzee. Lakini wewe hunyonyeshi."

Diwani akapandisha kioo. Mzee Kyalo akageuka polepole kumtazama Mutheu, aliyekuwa pampu ya pili amejikumbatia kifua kwa mikono miwili, na ndipo nikaelewa nimemwanika mbele ya kila mtu bila kumwuliza.

Jioni hiyo muthokoi ulipoa kwenye sahani. "Nani alikutuma?" Mutheu aliniuliza. Aliuliza kwa upole, na huo upole ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Mzee ameniita ofisini. Amesema kama kazi inaniumiza, mama mwenye mtoto mchanga apumzike nyumbani. Nyumbani ni wapi, Ndanu? Ni hapa. Hapa patalipiwa na nani?" Nikamwambia wananyanyasa watu, wanakosea, fundi mwenyewe amesema. "Fundi ameenda zake," akasema. "Wewe uko na ndoto na maua ya waridi. Mimi niko na huyu." Mwende alikuwa amelala mapajani, mdomo ukinyonya hewa. Nilimpenda Mutheu kuliko mtu yeyote mwaka ule, na nilikuwa nimemchokozea nyuki. Lakini hata nikiwa nimelala upande wangu wa pazia na aibu yangu, moyo ulikataa kabisa kusema nimekosea. Nilikuwa nimekosea namna. Sikuwa nimekosea neno. Hayo ni mambo mawili, na imenichukua miaka kuyatenganisha.

Ijumaa mzee alifungua kaunta buku la zamu, lile kubwa la jalada gumu, akaandika ukurasa mzima kwa mkono wake: sisi wafanyakazi tunakubali kujaza gari la mteja kiasi anachotaka mteja, na asiyekubali arudishe ovaroli Jumamosi kabla ya saa sita. Chini yake akachora mistari ya sahihi. Mutheu alitia ya kwanza. Kijana wa dizeli akatia. Wa zamu ya usiku akatia. "Tia sahihi," Mutheu alininong'oneza tukibadilishana chenji. "Tia tu, halafu ufanye unavyofanya. Karatasi haina macho." Najua hilo lilikuwa shauri jema, la mtu aliyenisamehe tayari. Lakini mimi, na elimu yangu ya kidato cha pili, niliheshimu maandishi kupita kiasi. Nilichoandika ni nilichosema, na nilichosema ni mimi.

Najua unataka kuuliza kama nilifukuzwa. Nilifukuzwa, ndiyo, lakini si Jumamosi hiyo. Nilidumu miezi minne zaidi, nikikimbia kati ya pampu mbili kama kuku, huku Mutheu akikaa pembe ya upepo na maji, mbali na shimo la tangi lolote. Mzee Kyalo alikuja kukubali hivyo kwa kunung'unika, kwa sababu mtu mmoja anayefanya kazi ya wawili hapatikani kila siku, hata awe na mdomo. Wateja wengine walihamia ng'ambo. Wengine walizoea. Wiki ya tatu, nilikuta Mwende ananyonya mpaka amefumba macho, ngumi yake ikiwa juu ya kifua cha mama yake kama anayekilinda, na Mutheu akaniashiria kwa kidole mdomoni nisiongee, mimi ambaye sikuwahi kunyamaza. Sikumiliki kituo. Siku hizi nauza miche ya matunda Kathiani, na naimwagilia maji kiasi, si mpaka ifurike. Nikiambiwa eti nilipoteza kazi kwa ajili ya vijiko viwili vya petroli, nasema ndiyo, vijiko viwili, na ningeipoteza tena kesho.

Lakini Jumamosi ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba ni asubuhi, Mutheu yuko pampu ya pili, mzee amevuka barabara kwenda kuchungulia bei za ng'ambo, na mlango wa ofisi uko wazi. Niliingia. Kulikuwa na harufu ya oili na ya mkate. Kaunta buku lilikuwa mezani, mstari wangu mtupu ukiningoja. Nilikaa kwenye kiti cha mzee, si kwa kiburi, ni kwamba kiti kilikuwa na pa kuegemeza kiwiko. Nilipiga mstari juu ya maneno yake, mmoja, ulionyooka. Chini nikaandika kwa herufi kubwa, polepole, kama nilivyofundishwa: MIMI NDANU NITASHIKA PAMPU ZOTE MBILI ILI MUTHEU AKAE UPEPO. IKIKATA NITAACHA. Nikatia sahihi, majina yangu yote matatu. Na nilikandamiza kalamu kwa nguvu, kila herufi, mpaka nilipofunua ukurasa wa chini kuhakikisha nikakuta maneno yamechongeka huko pia, hata mzee akija kuuchana huu wa juu.